Baiskeli ya Asiyezikwa

Mama Elinami alizikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi, waombolezaji wachache waliolala pale wakiwa bado wamejikunyata kwa baridi kwenye viti vya plastiki vya kukodi, mjukuu wake Brayson aliikokota ile baiskeli kutoka stoo ya kahawa, akaisimamisha uani kati ya masufuria makubwa ya msibani, na kuniuliza kama kitu kile bado ni baiskeli au ni kumbukumbu tu. Hakuuliza kwa dharau. Brayson anaongoza wageni kwa baiskeli, kazi niliyoifanya mimi kabla hajazaliwa, na ya kwake ilikuwa imeegemea mgomba pembeni: magurudumu makubwa, shokapu mbele na nyuma, breki za mafuta, gia zinazobadilika kwa kidole gumba bila kelele. Hii ya stoo ilikuwa na fremu ya chuma iliyobanduka rangi, breki za kubana rimu kwa vipande vya mpira, na alama ya kuchomelewa shingoni iliyovimba kama kovu. "Anti," alisema, "niambie ukweli. Hiki chuma kinaweza kushuka na yangu mpaka Kwa Sadala?" Mama yake, Ndeshi, aliyekuwa anasugua sufuria, akanyanyua kichwa na kuniangalia. Yeye alijua kwamba kuhusu baiskeli ile hakuna swali jepesi.

Nililisikia swali hilo kwa mara ya kwanza mwaka niliotimiza miaka ishirini. Sitaeleza hapa habari za kwetu Rombo wala kwa nini shule iliishia pale ilipoishia. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa Moshi natafuta kazi, na Godlisten alikuwa na kiwanja kidogo Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga, ambako alikodisha baiskeli kwa wageni waliomaliza kupanda Mlima au walioghairi kuupanda. Njia aliyoiuza zaidi ilianzia juu Machame, pembezoni mwa msitu, ikashuka katikati ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya kahawa na migomba, mpaka Kwa Sadala. Alikuwa amechoka kupandisha na kushusha baiskeli kila siku kwa pikapu, akataka mtu wa kukaa nazo hukohuko juu. "Miguu unayo, Kiingereza kidogo unacho," aliniambia. "Utakaa kwa Mama Elinami. Ni mjane, nyumba yake kubwa, na hana maneno mengi. Asubuhi nakuletea wageni, wewe unawashusha. Sawa?" Nikasema sawa. Sikuuliza Elinami ni nani wala yuko wapi.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya saruji, na kila kiti sebuleni kilivishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimenyooshwa kana kwamba mgeni wa heshima yuko njiani. Hatukukaa humo. Tulikula jikoni, kibanda cha mbao kilichojitenga nyuma, magoti yakikaribia mafiga: kiburu cha ndizi na maharage, mtori siku za baridi kali, maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Mama Elinami alikula polepole, uso ukielekea mlangoni. Nilidhani anakwepa moshi. Chumba changu kilipakana na stoo ya kahawa, ukuta wa mbao kati yetu, na humo stoo, mbele ya magunia ya kahawa ya maganda, zilipangwa baiskeli mpya tano za Godlisten, na mwishoni moja ya zamani iliyofutwa vumbi vizuri kuliko zote. "Hiyo ni ya mwanangu," alisema siku niliyofika. "Ukiihitaji, itumie. Baiskeli isiyotembea huharibika kuliko inayotembea." Nikasema asante kwa Kichagga cha kwetu. Akacheka kidogo, kwa sababu asante ndiyo jina langu: Aika.

Ndeshi ndiye aliyenieleza. Wakati huo alikuwa msichana wa umri wangu, anauza kwenye duka la nguo Moshi mjini, na kila Jumamosi alipanda kumletea mama yake sukari na sabuni. Tulikuwa tunachambua mchicha uani, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani: "Kaka alitoka asubuhi kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki, huko juu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Hakurudi kula. Jioni watu wakapanda, wakaikuta baiskeli imeegemezwa kwenye mti wenye mashina mawili, cheni imefutwa, kiti kimefunikwa mfuko wa nailoni kisilowe. Kama mtu anayerudi sasa hivi. Wakamtafuta makorongoni mpaka watu wakaanza kuugua. Hakikupatikana hata kiatu." Nilimuuliza ni lini. "Mwaka wa tatu huu," alisema. "Na mama hajalia bado. Hajakubali hata watu waje kukaa matanga."

Elinami alikuwa mpagazi, na baiskeli aliachiwa na mgeni mmoja aliyeondoka haraka. Alikuwa na ukorofi wa vijana: aliisafisha grisi yote kwenye friwili, kile kidude cha gurudumu la nyuma kinacholia unapoacha kunyonga, ili ilie kwa nguvu na watu wapishe njia. Niligundua maana ya jambo hilo siku ya kwanza niliyoipanda. Wageni walikuwa watano, baiskeli mpya zikaisha, nami nikaichukua ile ya stoo. Tulipoanza mteremko niliacha kunyonga, na mlio ukatoka nyuma yangu, mkavu, mrefu, ukapenya kwenye migomba mbele yetu kabla sisi hatujafika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vihamba, jua likionekana kama sahani nyeupe. Kutoka nyuma ya majani mtu nisiyemwona akaita kwa furaha, "Elinami!" Mbwa wawili wakachomoka kwenye ua wakitingisha mikia, wakakimbia pembeni yangu, kisha wakanusa, wakasimama, na mmoja wao akaanza kulia kama mtoto. Kwenye mfereji palikuwa na mwanamke anafua. Alisimama akiwa na nguo inayochuruzika maji, mdomo wazi. Aliponiona mimi, msichana mwenye kilemba, akaitupa ile nguo majini na kuingia ndani akafunga mlango. Mgeni mmoja aliniuliza kama ile ni desturi ya huku. Nilimwambia ndiyo, ni salamu.

Ningeweza kuiacha. Lakini mwezi wa mvua ulipoingia nilianza kuipenda kwa sababu za kazi, na hizo nazieleza wazi kwa sababu Brayson alitaka ukweli. Baiskeli mpya zilikuwa na shokapu mbele na breki za diski za mafuta, na kwenye mizizi na mawe zilishuka kama zinateleza juu ya maji, wakati hii ya chuma ilinitikisa meno mpaka nikifika chini mikono haiwezi kushika kikombe. Katika kupanda mambo yaligeuka. Shokapu zilibonyea kila ulipokanyaga, nguvu ikapotelea humo. Chuma hakikupoteza kitu, ulichokanyaga ndicho ulichopata. Breki zake za mpira ziliisha haraka kwenye tope jekundu, nikazibadilisha kila baada ya siku chache, lakini zilibadilishwa kwa spana moja. Breki ya mafuta ya baiskeli mpya ilipovuja, Godlisten alizunguka Moshi nzima akarudi mikono mitupu, na baiskeli ikakaa stoo mpaka mgeni mwingine alipokuja na kifaa kutoka kwao. Shingo ya ile ya zamani ilipopata ufa, niliikokota mpaka Kwa Sadala kwa mchomeleaji wa mageti. Akaitazama, akasema, "Hii ni chuma, dada, hii ni ndugu yangu," akaichomelea akiwa anatafuna mahindi ya kuchoma.

Godlisten hakupenda. Alikuja siku moja na pikapu, akanikuta naipaka cheni mafuta. "Aika, nisikilize. Wageni wanataka kuona vitu vipya. Wewe unawatangulia na hicho chuma, kinalia kama kengele ya msiba, na watu wanafunga milango. Kinaweza kushindana na hizi, hicho?" Nikamwambia kwenye kupanda kinashinda. "Mimi siuzi kupanda," alisema, "mimi nauza kushuka." Nikaahidi kwamba nikiwa na wageni nitapanda mpya, na ya zamani nitaitumia kwa shughuli zangu tu.

Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba ya zamani ilikuwa inatembea bila mimi. Nilikuwa naifuta jioni na kuiweka kavu mwishoni mwa mstari. Asubuhi naikuta imelowa umande, tope bichi kwenye tairi, na jani la mkahawa limenasa kwenye spoku. Zile tano hazikuguswa. Mlango wa stoo ulifungwa kwa komeo la nje, na komeo lilikuwa mahali pake. Nilijiambia mengi: mwizi anayerudisha, jirani anayeazima. Halafu alfajiri moja nikausikia ule mlio nikiwa kitandani, kwa mbali, upande wa juu. Ulilia, ukanyamaza. Ukalia tena. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani, mimi msichana mkubwa, na nikasali sala zote nilizofundishwa parokiani kwetu, hata ile ya kubariki chakula.

Siku ya tatu woga ulinichosha. Kulikuwa kumeshapambazuka kidogo, ule wakati ambao rangi ya kijani inaanza kurudi kwenye majani, nikatoka bila viatu nikaufuata mlio kupitia mikahawa mpaka kwenye ua wa mwisho, ambapo kihamba kinaishia na msitu unaanza. Mama Elinami alikuwa amesimama pale, kanga mbili mabegani. Alikuwa ameiinua baiskeli nyuma kwa kukishika kiti, na kwa mkono wa pili alilisukuma gurudumu. Lilizunguka, likalia, likapungua, likanyamaza. Akainamisha kichwa, akasikiliza msituni. Akalisukuma tena. Mara tatu, kisha akapumzika, kisha tatu. Na ndani ya ule ukungu, ng'ambo ya korongo, nikasikia kitu kidogo, kikavu, kinafuata nyuma ya mlio wake. Nilijiambia ni ndege. Yeye alitabasamu.

"Aika," alisema bila kugeuka, "usisimame kwenye umande bila viatu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namwonyesha njia. Ukungu ukishuka macho hayasaidii kitu, yanabaki masikio." Akaiteremsha baiskeli chini, akaikokota kurudi nyumbani, ikilia polepole kati ya mikahawa, nami nikamfuata. Hakuniomba nisimwambie mtu. Alikwenda kuwasha moto, akanipa uji, na akaniuliza kama wageni wa siku ile ni wengi.

Baada ya hapo nilielewa maneno niliyokuwa nayasikia kupitia ukuta. Mzee Barnaba, shemeji yake na mkubwa wa ukoo, alikuwa anakuja na wazee wengine wawili, wanakaa sebuleni kwenye vile vitambaa vyeupe, na wanazungumza Kichagga cha Machame ambacho mimi wa Rombo nilikipata nusu nusu. Jioni moja nilikipata chote. Ukoo wetu, Barnaba alisema, hauachi mtu nje. Asiyepatikana anazikiwa mgomba, anapewa mahali pake kihambani, watu wanakaa, wanalia, wanainuka. Ndeshi ana mchumba, posa imefika, na hatuwezi kupika pombe ya harusi kwenye nyumba ambayo msiba wake haujafungwa. Usipomzika huyu ambaye hayupo, unamzika huyu aliye hai. Kisha sauti ya Mama Elinami, tulivu kabisa: "Mnataka nizike mgomba. Na mwanangu akirudi, nimwambie alale wapi?" Nilisikia vikombe vikikusanywa.

Ndeshi hakumlaumu mama yake. Alikaa na mimi kitandani jioni ile akisuka na kufumua ncha ya kitambaa chake. "Mwenzangu atasubiri mpaka lini?" aliniuliza. "Na mimi nikimwambia mama akubali, nitakuwa nimemwambia nini? Kwamba nimechoka kumsubiri kaka?" Mchumba huyo alisubiri, kama ilivyotokea, na Brayson ndiye uthibitisho. Lakini wakati ule hatukujua.

Ijumaa hii ya majuzi, basi, nilishuka na Brayson mpaka Kwa Sadala, kwa sababu Ndeshi mwenyewe alisema, "Nendeni, mnatuziba njia." Magoti yangu si yale. Kwenye mteremko wa kwanza alinipotea. Nilimwona akiruka juu ya mizizi kama mtu asiye na mifupa, kiti chake kimeshuka chenyewe kwa kubonyeza kitufe, na mimi nyuma natikisika, vidole vimekakamaa kwenye breki, nikichagua kila jiwe. Kwenye kipande cha kupanda kabla ya barabara ya lami nilimkuta, tukaenda sambamba, na akanitazama kwa mshangao ambao sitaukataa. Alinisubiri tena chini. Nikamwambia ukweli alioutaka: inafika, lakini inafika nyuma, na inakudai mwili wako kila hatua, ile yako inakubebea. Ikiharibika yako utasubiri meli, ikiharibika hii utasubiri mchomeleaji amalize kula. Alicheka. Halafu akaniuliza kwa nini yule mzee tuliyempita karibu na mfereji alisikia mlio, akasimama, na kuvua kofia huku ametazama pembeni. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai nikamweleza. Bibi yake hakuwahi kumweleza.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka ule niliotimiza ishirini. Godlisten alileta wageni wawili, mzee mmoja mwembamba na binti yake mtu mzima, nami kwa ahadi yangu nikapanda baiskeli mpya. Tulitaka kuufuata mpaka wa msitu kwanza, kisha tushuke. Asubuhi ilikuwa safi. Kabla ya saa sita ukungu ukashuka, nao haukuja kutoka mbele wala nyuma. Ulitokea tu, kama maziwa yanavyoingia kwenye chai, na mkono wangu mwenyewe ukawa mweupe. Breki ya mafuta ya yule mzee ikalegea, kishikio kikagusa usukani bila kitu kushika. Tukashuka, tukaanza kukokota. Kwenye kijito nilishika njia ya kulia. Nilikuwa na uhakika. Baada ya muda kilichokuwa upande wetu wa kulia hakikuwa mikahawa tena, kilikuwa miti yenye ndevu za kuvu, na baiskeli zetu mpya, zilizojaa grisi, hazikutoa sauti yoyote. Hata mbega walionguruma asubuhi walikuwa wamenyamaza. Tulikuwa watu watatu tunatembea, na sikusikia hata nyayo zetu.

Tukaupita mti wenye mashina mawili. Ndeshi alikuwa amenionyesha siku moja, kwa hiyo niliujua, nami nikafurahi, kwa sababu kutoka pale nilijua pa kwenda. Tukaenda moja kwa moja. Hatukukata kona hata moja, hilo nitaliapia mpaka leo. Na mbele yetu, polepole, kutoka kwenye ule weupe, ukatokea mti wenye mashina mawili. Yule mzee akaniuliza kwa upole kama tumepotea. Nikamjibu tupumzike kidogo. Alikaa kwenye mzizi. Mimi nilisimama, sikutaka kugusa shina.

Binti yake ndiye aliyenyanyua kichwa. "Kuna baiskeli inakuja," alisema.

Ulikuwa ule mlio. Ulitoka chini, kushoto kwetu, mdogo lakini mkavu na wazi. Ukanyamaza. Kisha ukatoka tena, lakini sasa upande wa juu, kulia, ng'ambo ya korongo, taratibu kidogo kuliko ule wa kwanza. Binti akageuza kichwa huku na huku. "Ziko mbili," alisema. "Tufuate ipi?"

Nilisikiliza. Wa chini ulilia mara tatu ukapumzika, ukalia mara tatu. Mapumziko yale niliyajua. Niliijua mikono iliyokuwa inapumzika. Nikawaambia twende chini, na tusizungumze. Tulishuka kwenye majani yaliyolowa, tukianguka, tukivuta baiskeli kama ng'ombe wabishi, na kila mlio wa chini uliponyamaza, ule wa juu ulianza nyuma yetu. Haukukaribia. Haukuwa mbali zaidi pia. Sikugeuka kuangalia nyuma, na yule mzee, ambaye hakujua chochote, naye hakugeuka.

Mikahawa ikaonekana, kisha ua, kisha Mama Elinami. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu. Alisikia matawi yakivunjika, akanyanyua uso, akaona mtu anatoka kwenye ukungu anakokota baiskeli. Aliiachia ile aliyoishika, ikaanguka. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyelala: "Elinami?" Nilitamani kukaa kimya milele nisijibu. "Ni mimi, mama. Ni Aika." Akaniangalia. Akamwangalia yule mzee alivyotokea nyuma yangu, kisha binti yake. Akaendelea kuangalia pale tulipotokea, macho yakimngojea wa nne, na majani yaliyokuwa yanacheza yakatulia moja moja mpaka hakuna lililotikisika.

Aliwapa wageni maziwa ya moto na viazi vya kuchemsha, akawafunika kanga. Godlisten alipowachukua, tulibaki jikoni wawili. Alikaa kitako kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Ulianza kuisikia wapi?"

"Kwenye ule mti, mama."

"Wenye mashina mawili?"

"Ndiyo."

"Kumbe inafika mpaka pale," alisema. Alirudia kwa Kichagga, akijiambia mwenyewe. Nikaona nimweleze na lile jingine, la upande wa juu, kwa sababu sikutaka kulibeba peke yangu. Hakushtuka. "Huwa linanijibu kila asubuhi," alisema. "Ndiyo maana sikuacha."

"Ni mwangwi, mama?"

"Sijui ni nini, mwanangu. Labda korongo linarudisha. Labda." Alichukua kijiti akasogeza kaa la moto. "Lakini wewe ulikuwa palepale, ukaisikia yangu, ukaja. Mgeni ambaye hata jina la kijiji hiki halijui ameisikia, amekuja. Mwanangu aliyezaliwa kwenye nyumba hii..." Aliweka kijiti chini. "Angekuja, Aika. Kama anasikia, angekuwa ameshakuja." Kisha akalia. Alilia kama mtu anayekohoa, kwa kushtukiza, akijishangaa mwenyewe, na mimi nikamshika mabega yaliyokuwa madogo kuliko nilivyodhani. Ng'ombe alilia bandani na hakuna aliyenyanyuka. Moto ulipokwisha alijifuta uso kwa kanga na kusema, "Nenda kwa Barnaba. Mwambie aje na watu."

Walikuja. Walikata mgomba mchanga, wakaupima kwa kimo cha Elinami dhidi ya bega la Barnaba, kwa sababu wote walikumbuka alimfika begani. Mama Elinami alileta shati lake la bluu, akauvisha mgomba kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Wakauzungushia shuka jeupe. Mchungaji hakuja, lakini mwinjilisti wa mtaa alisimama nje ya ua, kofia mkononi, akaomba kwa sauti iliyofika ndani, na watu wakaitikia amina. Waliulaza chini ya migomba nyuma ya nyumba, wakaotesha sale, mmea wetu wa makaburini, upande wa kichwa. Wakati wa kuushusha aliwasimamisha. "Mgeuzeni," alisema. "Uso wake uelekee Kibo." Hatukuiona Kibo, kilele cheupe cha Mlima, mawingu yalikuwa yamejaa, ila kila mtu pale alijua iko wapi. Wakamgeuza. Ndeshi alitupa udongo wa pili baada ya mama yake, kisha wanawake wakamkalisha.

Watu walikaa, wakalia, wakala, wakainuka. Asubuhi baada ya wote kuondoka niliamshwa na ng'ombe, si na ule mlio. Alikuwa analia kwa hasira, na mwanga kwenye pazia ulikuwa wa manjano, mwanga wa mtu aliyechelewa. Nikakimbilia jikoni: majivu ya jana, hakuna moto. Nikagonga mlango wa Mama Elinami. Kimya. Nikausukuma. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono umening'inia nje ya kitanda, na jua limemfika kifuani bila yeye kujua. Nilisimama pale nikiwa na woga mkubwa kuliko ule wa msituni. Nikasogea, nikaweka kiganja karibu na pua yake. Pumzi ilitoka, ya moto, ndefu, na baada yake mkoromo mdogo. Nikamfunika bega. Nikachukua ndoo, nikaenda bandani kukamua mwenyewe, nikamwambia ng'ombe apunguze sauti.